Historia ya Leonia Zurwerra, Mlinzi wa Maji wa Eggenmatt

Baba Paroko, Mwenyekiti wa ushirika wa mfereji, majirani, ndugu na wote mliopanda kutoka bondeni kuja kumzika bibi yangu, mimi ni Fabienne, mtoto wa Verena, binti wa marehemu, na familia imenituma nisome historia hii, ingawa baadhi yao walitaka isomwe na mtu mwenye ulimi mfupi kidogo, wakamtafuta, hawakumpata.

Desturi inataka nianze na kuzaliwa, nami nitaanza na kuzaliwa, lakini kwanza naomba tunyamaze kidogo tusikilize. Mnaisikia? Hiyo ni nyundo ya maji, inagonga, leo Jumatano tarehe 18 Juni 2025, kana kwamba Eggenmatt hakuna aliyekufa. Kwa wageni niseme tu kwamba maji ya mfereji wetu huzungusha gurudumu, gurudumu huinua nyundo, nyundo huangukia ubao, na sisi huku chini tukiisikia tunajua maji yapo, ikinyamaza tunajua yamekatika, na mlinzi wa mfereji, awe mezani, awe kitandani, awe kanisani, huchukua jembe lake akapanda. Na mlinzi akifa, siku ya maziko yake maji hufungwa kule juu kabisa, nyundo isimame, ili aende kaburini bila kuitwa kazini. Ndivyo alivyofanyiwa babu yangu na waliomtangulia wote. Bibi yangu amenyimwa, na sababu mtaisikia, kwa sababu imo ndani ya maisha yake na siwezi kuyasoma maisha hayo nikairuka.

Marehemu Leonia alizaliwa tarehe 3 Februari 1949 katika kitongoji cha Zenbachen, ng'ambo ya kijito, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, katika nyumba ambayo akisimama mlangoni aliweza kulihesabu kila bomba la moshi la Eggenmatt. Nasema ng'ambo ya kijito kwa sababu kijiji hiki hakikumwacha asahau hilo, aliolewa huku, akazaa huku, akazika mume huku, akalea, akazeeka, na mpaka wiki iliyopita dukani kwa Klotilde, jirani yetu, mtu akiuliza jibini hii kaleta nani, jibu lilikuwa, "Si ni yule wa ng'ambo." Miaka hamsini na mitatu, jamani. Kijito chenyewe mbuzi anakiruka.

Alisoma shule ya msingi hapa Eggenmatt, katika jengo ambalo siku hizi watalii hupanga kwa wiki, kuanzia mwaka 1956 hadi 1964, kwa majira ya baridi tu, kwa kuwa kiangazi watoto walikuwa malishoni na ng'ombe, akafahamu hesabu vizuri, dini vizuri, na kunyamaza vibaya sana, kwani mwalimu wake alimwandikia baba yake kwamba binti huyu anauliza "kwa nini" hata katikati ya Salamu Maria. Alitaka kuendelea na masomo bondeni. Baba yake akasema ada ni ya wavulana, na hapo shule ikaishia.

Kati ya mwaka 1965 na 1972 alifanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya watelezaji wa theluji, huko alikojifunza Kifaransa, kuvuta sigara nyembamba, na kuiba katika mchezo wa karata, ujuzi wa tatu ndio aliourudisha kijijini, na wanaume watatu walio katika benchi la nyuma ambao sitawataja wanajua ninachosema.

Tarehe 14 Oktoba 1972, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Theodul Zurwerra, mlinzi wa mfereji, mtoto wa mlinzi wa mfereji, mtu wa maneno machache, ambaye watu walisema kamwoa Leonia ili naye apate mtu wa kumsemea. Walijaliwa watoto wawili, Beat, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1974, na mama yangu Verena, aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1977. Walikuwa na ng'ombe wanne, konde la viazi, na haki ya maji kwa saa mbili kila zamu inapozunguka, na kwa maelezo ya Bibi mwenyewe walikuwa na raha, maana Theodul alikuwa akirudi kutoka juu ananukia unyevu na majani ya mlimani, akila anamaliza, akilala halalamiki.

Tarehe 22 Mei 1981 Theodul alianguka kutoka kwenye mbao, mahali panapoitwa Ukuta Mweupe, pale ambapo mfereji hauna ardhi ya kupita, unapita hewani, ndani ya mbao zilizotundikwa kwenye jabali, na mlinzi anatembea juu ya ubao wa upana wa kiatu, kushoto jiwe, kulia hakuna kitu. Alizikwa siku ya nne. Nyundo ilisimama kwa ajili yake, mama yangu alikuwa na miaka minne na anasema hicho ndicho kitu pekee anachokikumbuka, kwamba kijiji kilikuwa kimya hata akawa anaisikia mishumaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wanaume wa ushirika walikutana hapo nje, mbele ya mlango wa kanisa hili, kumchagua mlinzi mpya, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Mei na majani yalikuwa yakingoja maji. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Bibi, mjane wa wiki moja, alisimama pembeni na nguo nyeusi akasema, "Nitaifanya mimi, nimepanda naye miaka tisa, naijua." Mwenyekiti wa wakati huo, baba yake mwenyekiti wetu wa leo, akamjibu, "Leonia, pole, lakini mwanamke akikanyaga mbao, mbao zinaanguka." Bibi akamuuliza, "Na Theodul alikuwa mwanamke?" Wakacheka, wengine wakajikohoza. Kisha mmoja akapata dawa. Mlinzi lazima awe mwanamume wa nyumba ile, sawa, nyumba ile si ina mwanamume? Wakamleta Beat, miaka sita, meno ya mbele hana, wakamsimamisha juu ya kiti kilichotolewa sakristia, wakamwambia, "Inua mkono, mtoto, sema naahidi kuyalinda maji." Akainua, akasema. Mtu akauliza kutoka nyuma, "Na buti je?" Mwenyekiti akajibu, "Buti atavaa mama yake mpaka miguu ya mtoto ikue."

Kicheko cha siku ile kimedumu miaka arobaini na minne. Miguu ya mtoto ilikua, ikaondoka. Mjomba Beat, kama mnavyojua, ni mwoka mikate Lausanne, anaishi ghorofa ya chini kwa makusudi, kwa sababu tangu siku ile ya kumwona baba yake akiletwa juu ya machela hawezi kupanda hata ngazi ya banda la majani, na kila masika, mwaka baada ya mwaka, alipanda basi akaja Eggenmatt, akasimama mbele ya mlango huu, akainua mkono, akaahidi kuyalinda maji, akashangiliwa, akanywa divai, akashuka na basi la jioni, na nyuma yake alisimama mama yake, miguuni buti.

Mwaka 1994 ushirika uliwaruhusu wanawake kuinua mkono kupiga kura mkutanini, wakapigiwa makofi, picha ikapigwa, na habari ya mlinzi haikuguswa. Mwaka 2003 Bibi aliuliza. Akajibiwa nafasi haiko wazi, mlinzi ni wa maisha, na mlinzi yupo. Mwaka 2016 aliuliza tena. Jibu lilikuwa lile lile, na mtu akaongeza, "Kwani unakosa nini, Leonia? Kazi si unaifanya?" Chuoni nimeshiriki midahalo mingi, nimesikia hoja mbovu za kila rangi, lakini hiyo, ya kumwambia mtu hukosi kitu kwa kuwa mzigo tumekuachia, sijapata kuisikia popote ila kwetu, tena ikisemwa kwa upole, na mtu anayekupa bakuli la supu.

Basi aliifanya. Kila Aprili aliongoza siku ya kazi ya pamoja, kila nyumba mtu mmoja, kuzoa mawe na matope ya majira ya baridi, aliwapigia kelele madaktari na wanasheria waliorudi likizoni akiwaita wanasesere, alitukana kwa lugha mbili, na ukipitisha maji kabla ya zamu yako alikuja mpaka jikoni kwako akazima jiko lako na kukwambia, "Wewe umeiba saa, mimi naiba chakula." Hakuwa malaika, msimtie mabawa leo kwa sababu amekaa kimya. Shule ilipofungwa mwaka 2009, posta ikafuata, na vijana wakabaki majina kwenye visanduku vya barua, yeye alikuwa bado anapanda, na nyundo ilikuwa bado inagonga, na ninyi mlikuwa mkilala.

Kuhusu afya yake, mwaka 2019 alianza kusumbuliwa na moyo, mwezi wa Novemba 2022 aliwekewa kifaa cha kuusaidia katika hospitali ya bondeni, akashauriwa asipande milima, akamwambia daktari, "Basi uje uninunulie nyumba Uholanzi," akarudi, akapanda.

Sasa nafika tarehe 14 Juni, Jumamosi, nami nitaisoma polepole.

Nilikuwa nimefika kutoka chuoni jana yake. Bibi alitoka asubuhi na jembe na chupa ya kahawa, akaniambia kuna mawe yameshuka karibu na Ukuta Mweupe, viazi vikiiva nisimngoje. Kabla ya saa sita nyundo ilinyamaza. Hapo hapo simu ikalia. Klotilde, "Fabienne, mwamshe bibi yako, saladi zangu zinainama." Simu ikalia tena, ikalia tena, sikuweza hata kulitoa sufuria jikoni. Mwenyekiti Adelbert naye alipiga, "Yuko wapi huyo mtu wa ng'ambo? Leo zamu yangu, si sikukuu yake, majani yangu yanageuka karatasi!" Nikasema yuko juu. Akasema, "Yuko juu anavuta sigara." Watu saba walipiga simu siku ile, majina ninayo, sitayasoma, na nawaulizeni ndugu zangu mbele ya jeneza hili, hivi katika saba hao hata mmoja hakuweza kusema, nyundo imenyamaza, je, Leonia ni mzima?

Aliyekuja bila kupiga simu ni Ignaz, fundi bomba, wa kikosi cha uokoaji, alikuja na kamba begani akaniambia, "Imenyamaza muda mrefu mno kwa Leonia, twende." Tukapanda. Ignaz akavuka Ukuta Mweupe, mimi nikabaki upande wa huku nikiona na kusikia yote, na ng'ambo ya pale alimkuta. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mfereji, jembe mkononi, moyo ulikuwa umesimama akiwa ameinama kutoa jiwe. Maji hayakukatwa na jiwe, jiwe alikuwa amelitoa, lilikuwa pembeni. Maji yalizuiwa na yeye. Yalifika kwenye mabega yake, yakapanda, yakamwagika pembeni kuelekea korongoni, na ndiyo sababu huku chini hamkupata hata tone.

Ignaz alimshika kwapani, akamwinua, na maji yakapita. Yakashuka, yakafika kwenye gurudumu, na nyundo ikagonga. Na kutoka chini, kutoka makondeni, tulisikia watu wakishangilia. Mtu alipiga mluzi. Mtu alipaza sauti, naijua ni ya nani, "Haya! Bibi kaamka!" Ignaz alikuwa amemkumbatia, maji yanamtiririka kutoka kwenye nywele, akasema neno moja ambalo Baba Paroko hataniruhusu nilitamke humu.

Nyundo ilianza kugonga kabla ya kengele ya kanisa kumlilia. Sina hoja juu ya hilo. Nimelala nalo usiku nne nikitafuta hoja, sijapata, ninachopata ni ule mluzi.

Jumatatu jioni, baada ya rozari, Mwenyekiti alikuja nyumbani na kipande cha jibini, akavua kofia, akatupa pole, na machozi yake niliyaona, yalikuwa ya kweli. Si mtu mbaya, ndilo linalonitisha, angekuwa mtu mbaya ningelala. Nikamuuliza Jumatano nyundo itasimamishwa saa ngapi. Akageuza kisu cha jibini mezani, akasema, "Fabienne, binti yangu, nyundo husimama kwa ajili ya mlinzi. Bibi yako alikuwa msaidizi, msaidizi mzuri kuliko wote. Mlinzi ni Beat, na Beat huyu hapa, mzima, anakula." Kisha akasema taratibu, kama mtu anayetafuta miwani yake, kwamba isitoshe Jumatano maji ni yake, kamati imempa fidia ya Jumamosi.

"Fidia ya nini?" mama yangu akauliza.

"Ya saa zilizopotea, Verena. Maji si yalisimama?"

"Yalisimama mgongoni mwa mama yangu," akasema Mama.

Adelbert aliiva uso kama chuma cha mhunzi, akatazama sakafu, lakini hakusema basi, chukueni siku hiyo. Hapo ndipo Mjomba Beat, ambaye katika maisha yangu yote sijamsikia akimpinga mtu ila kwa habari ya hamira, aliweka mkate wake chini.

"Adelbert, mlinzi ni nani?"

"Si ni wewe."

"Sema tena, dada yangu asikie."

"Wewe, Beat. Tangu mwaka themanini na moja."

"Na lango la juu, anayeruhusiwa kulifunga ni nani?"

Adelbert akaona anakopelekwa, lakini alikuwa ameshaingia. "Mlinzi," akasema.

"Mwenyekiti anaweza kumkataza?"

"Hawezi."

"Basi Jumatano nalifunga."

"Jumatano zamu yangu!"

"Najua."

"Beat, wewe unaogopa ngazi ya banda!"

"Hilo pia najua," Mjomba akasema, akamkatia kipande cha jibini yake mwenyewe, akampa.

Naomba sasa nitoe shukrani, kwa niaba ya familia. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya bondeni waliouongezea moyo wa Bibi miaka mitatu, pamoja na kwamba hakuwasikiliza hata siku moja. Tunamshukuru Baba Paroko, wanakwaya, na akina mama waliooka mikate myeusi na kuleta supu tangu Jumamosi, Klotilde ukiwa wa kwanza, tulikuona ukilia kwenye ngazi, tumekusamehe saladi. Tunamshukuru Ignaz, ambaye hatuna cha kumlipa. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake Bibi, na hapa karatasi yangu ina pengo, kwa kuwa alifanya kazi peke yake. Na kwa namna ya pekee tunamshukuru Mwenyekiti Adelbert, aliyetukumbusha mbele ya mashahidi mlinzi wa Eggenmatt ni nani na mamlaka yake ni yapi.

Wengi mmeuliza mlangoni mtoto wa kiume wa marehemu yuko wapi, mbona kiti chake kitupu, na wengine mmeanza kunong'ona kwamba amelewa. Mjomba Beat ameondoka kengele ya kwanza ilipolia, amevaa buti za mama yake, zimembana vidole, Ignaz yuko mbele yake na kamba imewafunga wote wawili. Lango liko ng'ambo ya Ukuta Mweupe. Hajawahi kuuvuka. Ana miaka hamsini, anavuka kwa mara ya kwanza mahali alipoanguka baba yake na kupita alipolala mama yake, na kama nyundo bado inagonga ninaposoma mstari huu, maana yake bado yuko juu ya mbao, na Mwenyekiti, majani yako bado yanakunywa.

Umebaki mstari mmoja, ule ambao kila historia ya marehemu huishia, na ninyi mnaungoja ili mnyanyue jeneza. Siwezi kuusoma nyundo ikiwa inagonga, kwa kuwa nitakuwa nimemwambia apumzike wakati huo huo anaitwa. Kwa hiyo nakunja karatasi, nakaa karibu na mama yangu, wabebaji nao wakae, Baba Paroko naomba uniwie radhi, tutangoja hata kama ni mpaka jioni. Ikinyamaza msinitazame mimi. Simameni, ninyi mliomwita msaidizi, mwiteni kwa kazi yake, mseme ninyi wenyewe, kwa sauti, afike nayo: Leonia, mlinzi wetu, pumzika kwa amani.